Wanawake Waliofia Bandani

Jumatatu, 6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hiyo ni ya adabu tu, usije ukadhani nimepoa.

Jana jioni ulipiga simu nikakata, ukapiga tena nikakata. Nilikusudia. Kwenye simu huwa unanishinda kwa sauti, ndiyo kazi uliyoifanya maisha yako yote, na mimi nikigomba naanza kulia kabla sijafika kwenye hoja. Kwa hiyo leo utanisoma.

Nilikwambia kuna klabu ya filamu za zamani hapa, kila Jumapili mchana, ukumbi wa juu wa maktaba. Anayeiendesha ni mkutubi mstaafu, mama mwembamba asiyecheka ovyo, na wanachama ni watu wa kila namna: mfamasia, dereva wa teksi, wanafunzi wenye madaftari, na mimi msaga miwani ninayeingia na vumbi la lenzi kwenye nyusi. Nilijiunga kwa sababu yako. Filamu wanazoonyesha nyingi ni zile zile za lile sanduku la mikanda uliloliokota ubalozi ulipofungwa, ulizokuwa ukituonyesha kwenye banda lako la video Jumapili asubuhi kabla ya filamu za ngumi, wewe umekaa pembeni ya televisheni na maikrofoni iliyofungwa kitambaa, unatutafsiria. Wenzangu wamezisoma vitabuni. Mimi nimekua nazo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijigamba, Mjomba.

Jana ilikuwa ile ya nchi ya theluji, ya mke wa mkata tiketi wa treni. Taa zilipozimwa nikamnong'oneza mfamasia, "Hii usitoke, mwishoni utalia."

Picha ilikuwa safi, si ile ya kwako yenye mistari, na niliona mambo ambayo bandani sikuyaona. Mume hamtazami mkewe usoni hata mara moja, kila akisema neno anaangalia saa yake ya kazi. Mwanamke anaosha vyombo vyote, anavifuta kimoja kimoja, anamfunika mtoto shuka, anavaa kofia, anatoka. Kamera haimfuati. Inabaki jikoni inatazama birika linalotoa mvuke mpaka linaishiwa maji. Sijawahi kuona hasira iliyotulia namna ile. Kisha inakuja picha ya mwisho: mwanamke yuko kituoni, ana mkate mdomoni, anacheka peke yake.

Taa zikawashwa. Mkutubi akauliza tunakionaje kicheko kile. Nikanyoosha mkono, nikasimama, nikasema kwa sauti kwamba yule anayekula mkate si yeye, ni pacha wake aliyekuja mazikoni, kwa sababu mwenyewe alikufa njiani kwa homa ya mapafu.

Mkutubi akaniuliza hayo nimeyatoa wapi. Nikasema kwa mjomba wangu. Dereva wa teksi, mwenye kipara, akauliza kutoka nyuma, "Mjomba wako alihudhuria mazishi?" Walicheka mpaka mfamasia akajifuta machozi, kwa hiyo kulia alilia kama nilivyomtabiria.

Maandishi ya chini yalikuwa wazi, Mjomba. Hakuna pacha. Hakuna homa. Mwanamke amemwacha mume na mtoto, amepanda treni, yu hai, ana njaa, anakula. Miaka yote hii nimemlilia mtu asiye hata na mafua.

Nataka unieleze kwa nini, na si kwa kuniita Siafu na kunichekesha. Jumapili ijayo wanaonyesha ile ya wachonga mawe, na inayofuata ni ya mji wa kengele, ambayo siikumbuki kabisa. Nitakwenda na kalamu.

Mpwa wako

*

Ijumaa, 10 Mei

Siafu,

Marahaba. Na yangu ni ya kweli, mimi sigawi salamu nusu nusu.

Barua yako imenikuta nafunga nyaya za spika, maana siku hizi bandani ni mpira tu, na mpira hautaki mtu wa kueleza, kila mtazamaji ni mtaalamu. Nimeisoma nimesimama. Nilipofika kwa huyo mwenye kipara nikakaa. Mwambie mazishi hayo sikuhudhuria, ila ya kwake nitahudhuria akiendelea kumcheka mtoto wangu mbele za watu.

Sasa nisikilize. Mkutubi wako ana maandishi ya chini. Mimi nilikuwa na nini? Lugha ile hakuna aliyeijua mtaani, hata mwenye duka la dawa aliyesoma ng'ambo. Nilikuwa naangalia mikono ya watu, naangalia nani anamkwepa nani kwa macho, halafu nafungua mdomo. Mbele yangu wako akina mama waliofua alfajiri ili wapate kuja, wako watoto wamekaa sakafuni, yuko yule kinyozi anayeuliza kila kitu. Nikiwaambia mwanamke ameosha vyombo, amemfunika mtoto, ameondoka, kinyozi atauliza, "Kwa nini?" Nimjibu nini? Aliyetengeneza filamu mwenyewe hakusema, ametuonyesha birika. Leo wewe unaliona birika ni jambo kubwa. Bandani birika lile lilizomewa. Walipiga miluzi, mmoja akasema mwenye jiko aje aepue. Filamu ilikuwa inanifia mkononi, nikaiokoa. Walilia wote, wakatoka wameridhika, na Jumapili iliyofuata wakarudi.

Huo si uongo, ni kazi. Seremala akipewa ubao mfupi huunga, na mwenye meza anashukuru. Nimekupa filamu ambazo hata wenye nchi zao hawajaziona, na badala ya asante unaniletea kalamu kana kwamba mimi mwanafunzi na wewe mkaguzi.

Halafu usinitukuzie mwanamke anayemwacha mtoto usingizini akaenda kula mkate. Wewe unaita hasira iliyotulia. Mimi nina jina jingine, na kwa heshima ya karatasi siliandiki.

Ile ya wachonga mawe katazame, muziki wake mzuri. Ile ya mji wa kengele achana nayo. Mkanda wake uliingia ukungu, sikuuonyesha hata siku moja, na kwa nilichokiona ni filamu ndefu ya watu wanaokohoa. Jumapili hiyo pumzika, fua nguo zako. Mkaza mjomba wako anakusalimu, anauliza kama bado unasahau kula ukiwa kazini.

Mjomba wako,
Sauti ya Bandani

*

Jumatatu, 20 Mei

Mjomba,

Leo shikamoo sina.

Niliitazama ile ya wachonga mawe. Wote wamejaa vumbi jeupe, hata vijana wanaonekana wazee, na mke wa mnyapara ndiye pekee anayenawa uso. Akinawa tu unajua ataondoka. Anapanda lori la wapiga muziki, mume anaendelea kugonga jiwe, na picha inapokuwa giza ile sauti ya nyundo bado inaendelea. Nilibaki nimekaa mpaka mkutubi akaja kuniomba kiti. Wewe ulisema lori lilitumbukia bondeni. Lori lile lile linaonekana tena, Mjomba, linapita sokoni, mwanamke amekaa mbele, amefunga kitambaa kipya kichwani. Ukasema hilo ni lori lingine.

Nikakaa na kalamu yangu nikawakumbuka wote. Mke wa mwoka mikate, nyoka. Mwalimu aliyevuka ziwa, alizama. Yule mwimbaji aliyeuza pete akapanda meli, moyo ulisimama. Wanaume walioondoka uliwaacha waende, ukasema wamekwenda kutafuta riziki. Mwanamke akivuka kizingiti tu, kwako ni marehemu. Niliwasimulia wenzangu kazini kwenye jiwe la kusagia, tukacheka mpaka msimamizi akatugombeza. Nilikuwa naandaa barua ya kukutania.

Kisha jana nikaenda kutazama ile ya mji wa kengele. Nilikwenda kwa sababu uliniambia nisiende.

Kengele zenyewe hazionekani, unazisikia tu, na kila zikilia watu wanaacha wanachofanya. Kuna kaka na dada. Dada anaumwa. Amelala kando ya dirisha, pazia jeupe linaingia ndani na kutoka. Mezani kuna glasi ya maji, na kwenye ukingo wa glasi anatembea nzi. Dada anachana nywele upande mmoja, mkono unachoka, kitana kinaanguka sakafuni. Anamwambia kaka yake, "Nitamalizia kesho."

Unajua niliyasikia wapi. Nilikuwa mdogo, nimekaa kwenye paja lako pale kwenye ngazi ya saruji, nikakuuliza mama alikufaje. Ukanieleza. Pazia. Glasi. Nzi. Nywele zilizochanwa upande mmoja. Nitamalizia kesho. Mpaka leo nikichana nywele naanza kushoto, kwa sababu ulisema kushoto ndiko ambako mama hakufika.

Nilipiga ukelele ukumbini. Mfamasia alinitoa nje akaniletea maji, kwenye glasi, nikayakataa na yeye hakujua kosa lake. Umenipa kifo cha mwigizaji, Mjomba. Yule mama, wapiga picha waliposema basi, aliamka, akafutwa poda, akaenda kula na wenzake. Mimi nimemwombolezea tangu utotoni.

Leo kazini nimeisaga lenzi ya mteja nikapitiliza, ikapasuka mkononi. Msimamizi amenirudisha nyumbani.

Sasa nakuuliza. Kila nilipotaka kwenda kaburini ulisema amezikwa mji wa mbali, reli imeng'olewa, barabara haipitiki. Nilikuamini kwa sababu sauti ilikuwa yako. Wanawake wote walioondoka kwao uliwaua. Mama yangu alikufa, au aliondoka?

Jibu kwa neno moja. Ukiandika zaidi ya hapo nitajua unatafsiri.

Mpwa wako

*

Jumamosi, 25 Mei

Aliondoka.

Mjomba wako

*

Jumapili, 26 Mei

Siafu,

Neno lako moja nimekupa jana. Leo nasema yangu, na utayasoma yote kwa sababu nimekulea.

Mama yako ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja, kwa hiyo nina haki ya kumkasirikia kabla yako. Baba yako alikuwa ameshakwenda zake hata meno hujaota. Mama yako akakuleta hapa asubuhi moja na begi la nguo zako, umevalishwa viatu kinyume, cha kulia kushoto. Alisema ana safari fupi, anarudi Ijumaa. Ijumaa ikafika, ukakaa mlangoni. Ijumaa nyingine, ukakaa. Siku hiyo hutaki kuvuliwa viatu, unasema mama akija tunaondoka. Ulikonda mpaka mkaza mjomba wako akawa anakulisha umelala. Watu husema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Waliosema hawakujua kulea mwana anayemngoja mwingine mlangoni kwako.

Na ile siku ya ngazi unaikumbuka vibaya. Hukuniuliza alikufaje. Uliniuliza anakuja lini. Nikakwambia amekufa. Hapo ndipo ukauliza amekufaje, na mimi sikuwa na kifo, nikachukua kilichokuwa karibu. Ulilia wiki nzima, kisha ukala. Ijumaa iliyofuata ulikwenda kucheza na wenzako. Niambie nilikosea wapi, wewe mwenye maandishi ya chini.

Yu hai, ndiyo. Unataka kumkimbilia? Basi na hili ulijue. Alikuja mara moja, wewe umeshaanza shule. Aliishia stendi. Hakufika hata kona ya bandani. Alipanda basi lile lile lililomleta akarudi alikotoka. Nilikuwepo, nilimwona kwa macho yangu akipanda. Jiulize ni mama wa namna gani huyo.

Alipo sikuambii. Ameshamaliza mambo yake, na wewe una yako. Ukienda utamshtua bure, utaumia, na safari hii hatutakuwepo wa kukulisha umelala. Mimi na mkaza mjomba wako hatukujaliwa mtoto, tulikuwa na wewe. Silisemi hilo unionee huruma. Nalisema ujue unamgombeza nani.

Mjomba wako

*

Jumanne, 28 Mei

Mwanangu,

Mjomba wako aliisoma barua yake kwa sauti kabla ya kuifunga, kama kawaida yake, kwa hiyo niliisikia yote nikiwa jikoni. Ndiyo maana na mimi naandika. Mimi si mwandishi, utanivumilia.

Nimekasirika nawe pia, kwa kuwa hukuniuliza mimi. Wakati ule nilinyamaza kwa sababu ulikuwa huli. Baadaye ulipoanza kula nikamwambia, sasa mweleze mtoto. Akasema kesho. Nikamwambia tena ulipovunja ungo, akasema kesho. Nimekaa na jambo hili kooni mpaka limeota mizizi.

Mama yako anashona sare za shule. Ni ule mji wenye karakana ya treni, mtaa wa nyuma ya karakana, mlango wa bluu kati ya fundi baiskeli na daktari wa meno. Niliambiwa na mwuza vitambaa anayetuletea mzigo huku, maana na yeye humpelekea. Mama yako hajui kama najua. Kwa nini aliishia stendi siku ile sijui, mimi nilikuwa nimelazwa, na mjomba wako nikimuuliza anaongeza sauti ya redio.

Nenda mchana. Kula kabla hujaenda, mtu mwenye njaa hagombi vizuri. Na mjomba wako usimchukie kwa haraka. Kajue yote kwanza.

Mkaza mjomba wako

*

Jumatatu, 10 Juni

Mjomba,

Nimekwenda. Nilikula kwanza.

Duka ni dogo. Cherehani moja, meza ndefu, sare zimetundikwa kwa ukubwa kuanzia za watoto wa chekechea. Mwanamke mmoja alikuwa anakata kola. Hakuinua uso, akasema nisubiri kidogo. Nilikuwa nimepanga maneno makali tangu nilipopanda basi, yote ya Ijumaa na ya viatu, na nilitaka kuyasema kabla sijaanza kumpenda.

Akauliza, "Unatafuta saizi gani?"

Nikasema, "Mimi ni mwanao. Yule uliyemwacha kwa kaka yako."

Hakushtuka, Mjomba. Aliudhika. Aliweka mkasi mezani akasema polepole, "Dada, sijui nani amekutuma. Mtoto wangu alikufa. Naomba utoke dukani kwangu."

Nilidhani ana maradhi ya kichwa. Nikamuuliza alikufa kwa nini. Akasema kwa surua, mwaka alioanza shule, na akanieleza. Mtoto alilazwa kwenye mkeka kwa sababu godoro lilimchoma mgongo. Akaomba uji. Akaonja kijiko kimoja, akasema mtamu, akamwambia mjomba wake kilichobaki ampelekee mama. Nje alikuwa anapita mtu anapiga filimbi. Alieleza bila kukwama, inaonekana anajisimulia mwenyewe kila siku. Alipofika kwenye filimbi nikaujua mkono wako. Hiyo umeitoa kwenye filamu gani sijui, klabuni bado hatujaifikia.

Nikavua kiatu. Vidole vyangu viwili vilivyoungana unavijua, na yeye anavijua, maana na yeye anavyo. Alipiga magoti kwenye vipande vya kitambaa, akaushika mguu wangu, akautazama. Mteja akaingia, akatuona, akatoka. Hakulia. Alisema, "Alinipokea stendi." Akasema tena, "Alinipokea stendi. Sijui nani alimwambia nakuja. Nilikuwa nimekuletea viatu. Akanishika mabega, akanieleza yote, na yeye analia. Nikamwomba anipeleke kaburini. Akasema nisionekane mtaani, watu wana hasira na mimi. Akanipandisha basi lile lile."

Wewe uliniandikia kwamba aliishia stendi. Neno kwa neno ni kweli, na bado ni uongo mkubwa kuliko pacha, na lori, na nyoka.

Usidhani nilimwangukia kifuani. Nilimgombeza. Nilimuuliza Ijumaa zake zilikwenda wapi. Akasema alimfuata mwanamume aliyemwahidi nyumba, hakukuwa na nyumba, na aibu ikamfunga miguu. Nikamwambia aibu haimlishi mtoto. Akasema anajua. Nikamwambia kujua hakutoshi. Tulipandishiana sauti mpaka fundi baiskeli akaja kuchungulia, akafukuzwa na sisi wote wawili. Ana watoto wengine wawili, wamekua wakiambiwa walikuwa na dada marehemu. Mkubwa aliporudi kutoka shule akaambiwa mimi ni nani. Kabla ya kunisalimu alinigusa mkono kwanza aone kama una joto.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nakutafutia sababu. Mimi nilikuwa mtoto, nilikuwa sili, ukanidanganya. Hilo huenda siku moja likapita kooni. Lakini yeye alikuwa amesharudi. Alikuwa pale stendi na viatu mkononi, na mimi niko darasani, mwendo mfupi tu. Hukuwa na filamu ya kuokoa. Hakuna aliyepiga miluzi, hakuna kinyozi aliyeuliza kwa nini. Ulitakiwa kunyamaza na kumpisha njia. Ukafungua mdomo ukaniua mbele ya mama yangu, kwa sababu uliogopa kurudi kwenye nyumba isiyo na mtoto. Ungesema hivyo tu, ungesema unaogopa, ningekuwa wa kwenu wote. Mtoto mmoja anatosha watu watatu.

Na kinachonikera kuliko vyote ni kwamba nilipotoka dukani kwa mama, mtu wa kwanza niliyetaka kumpigia simu nimsimulie ni wewe. Niliishika simu mkononi nikairudisha mfukoni.

Jumamosi ya tarehe 22 tunakuja, mimi na yeye na watoto wake. Mpira uahirishe. Waite wale akina mama wa Jumapili asubuhi, na kinyozi mwite. Mkaza mjomba akae mbele. Tutashuka stendi ile ile mchana kweupe, na usije kutupokea. Tutatembea wenyewe mpaka bandani. Mama atasimama aseme kwa nini aliondoka, na mimi nitasimama niseme nilivyomngoja, na watu watuulize wanachotaka. Wewe utakaa kwenye benchi pamoja na wengine, na hutatafsiri hata neno moja.

Mpwa wako